Malaika Aliyependa Kuku

Mtume Elkana amekufa, na nimejua kwa pua kabla ya kujua kwa macho. Nilikuwa nimeshuka kwenye tuktuk karibu na duka la saruji, hapa Kisauni, nikapishana na kina mama wawili waliobeba mabango na ndoo ya gundi. Walipopita waliacha nyuma yao harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: mafuta ya kupikia yaliyotiwa marashi ya waridi, yakakaa juani ndani ya chupa ya plastiki mpaka yakachacha. Yeye aliyaita mafuta ya upako. Nyanya yangu alituapia kwamba yametoka Yerusalemu. Mimi nilikuwa nimemwona mke wa Mtume akiyamimina kutoka kwenye dumu la njano, lile lile alilokuwa akikaangia viazi.

Nikageuka kulitazama bango walilokuwa wamelibandika. Amevaa suti nyeupe, mkono kauinua, na fundi wa picha amemchomekea mabawa mgongoni. Mabawa ya bata, ukiniuliza mimi. Chini wameandika kwamba mjumbe wa mbinguni ameitwa nyumbani. Nilimpigia simu dadangu mdogo kumpa habari, naye akauliza kama tutakwenda kuzika. Nilicheka mpaka mwenye duka akatoka kunitazama. Kisha kicheko kikaniishia ghafla, nikakaa juu ya mfuko wa saruji kivulini, kwa sababu aliyekuwa akiniuliza ndiye yule mtoto ambaye malaika wa Mtume alikosea habari zake zote.

Nafundisha somo la dini katika shule ya upili, kwa hiyo malaika ni sehemu ya kazi yangu. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba neno lenyewe, katika lugha ya Wayahudi walioandika Torati na katika Kiyunani cha Injili, halina mabawa ndani yake. Maana yake ni mjumbe, basi. Aliyetumwa. Anakuja, anasema alichotumwa, anaondoka, na mara nyingi hata jina lake hatuambiwi. Wanafunzi wangu wanahisi kwamba mwalimu ana hasira fulani na mada hii, ila hawajui inatoka wapi. Inatoka kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya barabara ya Malindi, mwaka ambao mama alikuwa na mimba ya dadangu.

Baba, Kahindi, alikuwa dereva wa trela. Alipakia makontena bandarini Kipevu akayapeleka Uganda, na alipokuwa nyumbani tulimpikia na kumnyamazia kama mgeni. Mama aliuza mahamri na mbaazi asubuhi, hapo hapo mlangoni. Nyanya, mamake baba, alikuwa amekuja kutoka Kaloleni baada ya kufiwa na babu, na tangu aingie katika nyumba ile alikuwa na jambo moja tu kichwani: mjukuu wa kiume wa kulibeba jina la marehemu. Mimi nilikuwa msichana, na nilikuwa peke yangu. Mama alipasuliwa ili nizaliwe, na kovu lake nililijua vizuri, limepita tumboni kama mshono wa gunia. Baada yangu mimba zilikuwa zikiingia na kutoka. Hakuna aliyezizungumzia, ila nyanya alikuwa akimtazama mama tumboni jinsi watu wanavyotazama duka lililofungwa mchana.

Fikra yangu ya kwanza kuhusu malaika nilipewa na jirani yetu Mwislamu, Bi Zuwena, ambaye jamaa zake wameuza vitambaa mjini tangu enzi za mababu. Siku moja alinikuta nimetoka kuoga maji ya mvua, natetemeka uani. Akanishika mkono.

"Ndoo hapa nikufute, mwanangu. Tazama malaika yalivyomsimama mtoto!"

Alikuwa akisema vinyweleo. Kwa watu wa Mvita vile vinywele laini vya mwilini ndiyo malaika, lakini mimi sikulijua hilo. Kanisani nilikuwa nimesikia kwamba malaika husimama mbele za Mungu, na sasa niliwaona kwa macho yangu, wamesimama safu safu kwenye mkono wangu mwenyewe. Nikaamini kwamba kila mtu ana malaika wake ndani ya ngozi, kwamba hulala, na kwamba wakati kuna habari inakuja huamka wote kwa pamoja. Nilianza kuwachunguza watu. Baba alikuwa na malaika wengi sana, hata vidoleni. Mtume Elkana, siku alipokunja mikono ya shati ili anawe, hakuwa na hata mmoja. Mikono yake ilikuwa laini kama kijiko. Nikajua kwamba anadanganya. Nilifika kwenye ukweli kwa njia ya kipumbavu, lakini nilifika mapema kuliko watu wazima wote wa mtaa ule.

Kanisa lake lilikuwa la mabati, na joto lake lilitosha kumtia mtu maono bila msaada wa mbinguni. Ujumbe ulikuja kila Jumapili, na daima ulikuja baada ya sadaka, kamwe si kabla. Mtume alisema malaika husimama kwenye bega lake la kulia. Basi aliinamisha shingo upande huo, akafumba macho, akaanza kuitikia, "Naam. Naam, bwana wangu. Nimesikia," kama mtu anayezungumza na simu penye mtandao mbaya. Halafu alitufafanulia. Malaika amesema fulani ahame nyumba aliyopanga. Malaika amesema binti wa fulani asiolewe na yule kijana wa Likoni. Malaika hapendezwi na jinsi feni ilivyoelekezwa, ielekezwe madhabahuni. Yakobo katika ndoto yake aliwaona malaika wakipanda na kushuka ngazi kati ya mbingu na nchi. Huyu wetu alikuwa amekwama Kisauni, akishughulika na feni. Na watu walisema amina. Nyanya aliisema kwa sauti kuliko wote.

Mimba ya dadangu ilipoonekana, nyanya alichinja jogoo na kumwalika Mtume nyumbani. Alikuja mchana na wazee wake wawili, akakaa kwenye kiti cha baba. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia huku akilitazama bakuli. Alipochukua paja alitukumbusha kwamba Ibrahimu aliwaandalia wale wageni wake ndama laini, nao wakala. Alipochukua paja la pili hakutukumbusha kitu. Mimi na mama tulikula shingo.

Alipomaliza kunawa, shingo ikalala begani.

"Naam," alisema. "Naam, bwana wangu." Akafumbua macho, akamgeukia mama. "Mama Dama, umepewa mtoto wa kiume."

Nyanya alipiga kigelegele mpaka kuku waliobaki wakatawanyika uani.

"Kama mke wa Manoa aliyekuwa tasa, akamzaa Samsoni," aliendelea Mtume. "Huyu ni mnadhiri, aliyewekwa wakfu kwa Bwana tangu tumboni. Na malaika ametoa sharti lile lile. Wembe usimguse."

Mama alikuwa amesimama na sinia la vyombo. "Mtume, kliniki wameniambia lazima nipasuliwe. Wamesema kovu langu la kwanza si zuri, nisijaribu kuzaa mwenyewe."

"Na kisu cha daktari ni nini, kama si wembe?"

"Wembe unaosemwa ni wa nywele zake mtoto. Si wa tumbo langu."

"Mama Dama!" Nyanya aliinuka. "Unajibizana na malaika?"

"Najibizana na Mtume, mama."

Wazee wawili waliangalia mifupa kwenye sahani zao. Mtume alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeshiba, akasema malaika ni mvumilivu.

Jioni ile baba alipigiwa simu, ikawekwa sauti kubwa mezani. Alikuwa Malaba, kwenye foleni ya mpakani, na nyuma yake honi zilikuwa zikilia. Mama alimweleza. Nyanya naye akamweleza, kwa maneno mengi zaidi. Baba akasema, "Msikilize mama kwa sasa. Nikirudi tutaona." Baba aliweza kulirudisha trela kinyumenyume kwenye uchochoro ambao watu wengine wangeogopa kupita na mkokoteni. Kati ya mkewe na mamake hakuweza kupita hata kwa miguu.

Mtume alikuwa ameagiza kwamba habari za mke wa Manoa zisomwe nyumbani kila jioni kabla ya chakula, ili imani ya mama ipate nguvu. Nyanya hakujua kusoma, na mikono ya mama wakati ule ilikuwa ndani ya unga wa mahamri ya kesho, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Nadhani ni agizo moja la maana alilolitoa maishani mwake, na alilitoa kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuisoma sura ile mpaka mwisho. Siku za mwanzo nyanya alikaa nasi akitikisa kichwa. Baadaye alizoea, akawa anakwenda uani kuchambua mchicha na kutuacha peke yetu.

Ndipo tukaanza kusikia kilichoandikwa. Malaika alimtokea yule mwanamke alipokuwa peke yake. Mumewe hakuwepo. Habari za mimba zilikuwa za mwenye tumbo, naye ndiye aliyezipokea kwanza, akaenda kumpasha mumewe. Manoa hakuridhika, akaomba mjumbe yule arudi. Akarudi. Lakini alirudi kwa mwanamke tena, shambani, na Manoa ikambidi ainuke amfuate mkewe nyuma ili akazungumze.

Mama aliacha kukanda. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mara ya pili pia alikwenda kwake?"

"Ndiyo, mama. Mwanamke alikimbia kumwita mumewe."

Nikaendelea, nikafika pale Manoa anapotaka kumpikia mgeni mwana-mbuzi, na mgeni anamwambia hata akimzuia hatakula chakula chake. Mama alijifunika mdomo kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na unga, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Mtume aje kula kuku wetu.

Kwa kuwa nilikuwa mtoto, na mtoto akipata kitu kizuri hataki kukaa nacho peke yake, Jumapili iliyofuata nilinyoosha mkono kwenye darasa la watoto.

"Mtume, malaika wa Manoa alikataa kula. Mbona wako anakula?"

Watoto wengine walicheka. Nilipigishwa magoti nje, kwenye kokoto, mpaka ibada ilipomalizika, na ibada za pale hazikuwa fupi. Nyanya alipita mbele yangu akitoka, akageuza uso kama mtu asiyenijua. Nyumbani mama aliniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanitoa vijiwe magotini kimoja kimoja.

"Swali lako lilikuwa zuri," alisema. "Ulilipeleka tu mahali pasipo na jibu."

Uchungu ulimwanza asubuhi, yuko mbele ya karai, anageuza mahamri. Nakumbuka aliweka mwiko chini taratibu sana, akashika ukuta. Nyanya aliipua karai, akawaambia wateja hakuna biashara leo, akamwingiza mama ndani. Kisha akaniambia mimi nikae barazani, na akamtuma mtu kwa Mtume badala ya kutafuta gari.

Mtume alikuja na wanawake wa kanisa na chupa yake ya mafuta. Mlango ulifungwa. Kwa ufa wa dirisha niliona wakimpaka tumbo, tumbo linang'aa, mama amelala mkekani ameng'ata ncha ya leso. Waliimba. Mimi nilibaki nimekaa barazani nikitazama mikono yangu, nikisubiri. Niliamini bado kwamba malaika wa kweli angekuja, kwamba yuko njiani, pengine amecheleweshwa, na kwamba akikaribia nitaona dalili kwenye ngozi yangu. Jua lilipanda. Nyimbo zikarudiwa. Wateja wa mbaazi walikuja, wakasikiliza, wakaenda zao.

Kisha sauti ya mama ikabadilika. Mpaka hapo alikuwa akiguna kama mtu anayenyanyua kitu kizito, na hilo nilikuwa nimelizoea. Sasa ilitoka sauti nyembamba, isiyo na pumzi, na malaika yakanisimama mwili mzima. Lakini barabarani hapakuwa na mtu ila Bi Zuwena, anavuka kutoka kwake kwa haraka, buibui limefungwa ovyo, na kiatu kimoja kinamvuka.

"Hodi!" Aligonga mlango kwa kiganja. "Mamaake Kahindi, fungua. Huyo mkaza mwanao alia kilio kisicho cha uzazi. Mimi nimezaa, nakijua."

Nyanya alifungua kidogo tu, akasimama katikati. "Bi Zuwena, tuachie mambo yetu. Malaika ameshasema."

"Jibrili hata sisi twamjua. Alimwendea Mariamu kumpa habari, hakumwendea kumzuilia tabibu. Nipishe nimwone."

"Asiyeamini akae mbali!" Mtume alinguruma kutoka ndani.

"Wallahi naamini kuliko wewe. Fungueni, au niwaite vijana wauvunje mlango huu."

Wakati wanabishana mama aliinuka. Sijui alipata wapi nguvu ile. Nilimwona nyuma ya bega la nyanya, ameshika mwimo wa mlango wa chumba, leso imelowa damu, uso umemgeuka rangi ya majivu. Nyimbo zilikoma zenyewe.

"Mtume," alisema. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ile sura uliyoniamuru nisomewe. Nimeisikia yote. Malaika alimwendea mwanamke. Mara ya kwanza alimwendea yeye. Mara ya pili alimwendea yeye. Mimi niko hapa tangu asubuhi. Mbona wangu hajanijia?"

"Malaika husema na mtumishi wake," Mtume akajibu.

"Basi amzalishe huyo mtumishi wake. Mimi nakwenda hospitali."

Mwanamke mmoja wa kanisa alicheka, kicheko kilichomponyoka, akajifunika uso. Mtume aliinua chupa yake juu. "Ukivuka kizingiti hiki," alisema, "huyo mtoto atakufa."

Mama alifika mlangoni. Nyanya alikuwa bado amesimama pale.

"Mama," alisema mama, "nipishe."

Nyanya hakupisha wala hakumzuia. Alisimama tu, mikono inamning'inia, inadondosha mafuta, mpaka Bi Zuwena alipomshika kifundo cha mkono na kumsogeza kando kama anayesogeza pazia. Mama alivuka. Mimi nilikwenda nyuma yake nimeshika ndara zake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba hakuvaa viatu.

Bi Zuwena alisimamisha tuktuk, na dereva akaendesha huku akipiga honi njia nzima. Mama alikuwa amelaza kichwa kwenye paja la Bi Zuwena, na Bi Zuwena alikuwa akimsomea dua masikioni kwa sauti ya chini, naye mama akiitikia amina. Hospitalini walimchukua kwa machela kabla hata hatujasema jina. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Baada ya muda nyanya alitokea. Alikuwa amekuja kwa miguu. Alikaa mwisho wa benchi bila kumsalimia mtu.

Jioni ilikuwa imeanza kuingia alipotoka muuguzi, mwanamke mnene, barakoa yake imening'inia shingoni.

"Nani wake Mama Dama?"

Tulisimama wote.

"Mama yuko hai. Mtoto yuko hai, ni msichana, analia vizuri. Lile kovu la zamani lilikuwa limeachia. Kizazi kilipasuka, imebidi tukitoe." Alitutazama mmoja mmoja. "Nani aliyempaka mafuta tumboni? Tumepoteza wakati kuyaosha."

Nyanya aliificha mikono ndani ya leso.

"Msichana?" aliuliza. Katika yote aliyoambiwa, alilishika hilo.

"Msichana," alisema muuguzi. "Na ndiye wa mwisho." Akarudi ndani.

Nilikuwa nimesoma habari za Zakaria, yule kuhani mzee ambaye hakuamini aliyoambiwa na Gabrieli hekaluni, akafungwa ulimi mpaka mtoto alipozaliwa. Nilifanya hesabu yangu ya kitoto: ikiwa asiyeamini malaika wa kweli anakuwa bubu, basi anayemtungia malaika maneno yasiyo yake atapatwa na jambo baya zaidi. Jumapili hiyo nilikwenda kanisani kwa hiari yangu, mara ya kwanza na ya mwisho, ili nimwone Mtume Elkana akiwa bubu. Alihubiri kwa sauti kuliko siku zote. Alisema malaika hakukosea. Mtoto alikuwa wa kiume kabisa, alisema, mpaka kisu cha daktari kilipomgusa, na hapo utukufu ukamtoka akawa wa kike. Watu wazima, wenye watoto shuleni, wenye simu mfukoni, walisema amina.

Siku hizi nikifika kwenye mada hii darasani huwaomba wanafunzi watazame wajumbe wa maandiko wanawaendea watu gani, na wanafanya nini. Hajiri, mjakazi aliyetoroka, anakutwa penye chemchemi jangwani, na jambo la kwanza anaulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi, swali ambalo bwana na bibi yake hawakuwahi kumwuliza. Eliya amechoka na maisha, anatamani kufa. Malaika anamwamsha ale mkate, anamwacha alale, anamwamsha tena ale. Mariamu anauliza swali na anajibiwa, hapigishwi magoti kwenye kokoto. Mjumbe akishamaliza neno lake anatoweka. Hasubiri sahani. Ukimwona anayesubiri sahani, nawaambia, umeshamjua. Wanafunzi hucheka wakiandika, na mimi sicheki.

Mama alirudi nyumbani amekonda, anatembea ameinama. Bi Zuwena alimletea uji wa pilipili manga kila asubuhi na kumkanda kwa maji moto. Nyanya alipika, alifua, alimwogesha mtoto, na hakuzungumza. Hakuomba radhi, na mama hakumdai. Baba alikuwa ameahidi kwamba akishusha mzigo atarudi, na mzigo ulikuwa haujashushwa.

Katika hali hiyo, alasiri moja, Mtume Elkana alibisha hodi. Alikuwa na wazee wake wawili na yule mwanamke aliyecheka, ambaye safari hii alikuwa na uso wa mtu aliyeonywa. Walivua viatu barazani wakaingia. Mama alikuwa amelala kwenye kochi. Nyanya alikuwa mkekani, mtoto amemlaza juu ya miguu yake aliyoinyoosha, anamkanda.

"Nimekuja na habari njema," alisema Mtume akitafuta pa kukaa. Kiti cha baba kilikuwa na nguo za mtoto zilizokauka, na hakuna aliyezitoa. "Malaika ameisamehe nyumba hii. Mama Dama, Jumapili utasimama mbele ya kanisa, useme ulivyoasi na ulivyorehemewa."

"Nitasimama, Mtume," mama akajibu. "Nitasema ulivyosema mtoto ni wa kiume, na ulivyosema atakufa. Nimlete nimwonyeshe watu?"

Mzee mmoja alikohoa. Mtume akaacha upande ule, akainamisha shingo haraka kuliko desturi yake. "Naam, bwana wangu. Naam." Akamgeukia nyanya. "Mama mpendwa, malaika ametoa na jina la mtoto, ili liwe ukumbusho. Ataitwa Majuto."

Mikono ya nyanya ilisimama juu ya mgongo wa mtoto.

Ili uelewe kilichofuata, inafaa ujue kwamba kwetu jina la mtoto ni la upande wa baba, na wa kulitoa pale, babu akiwa amekufa na baba akiwa safarini, alikuwa nyanya. Hilo ndilo lililomtoa Kaloleni. Alikuwa amesafiri na jina moja la kiume kama mtu aliyebeba mbegu kwenye pindo la leso, na mahali pa kuipanda palikuwa pametolewa tumboni kwa mama kwa sababu ya mafuta aliyoyapaka kwa mikono yake mwenyewe. Hayo yote alikuwa ameyanyamazia. Sasa mtu huyu alikuwa amekuja kumnyang'anya hata hili moja.

Alimfunika mtoto vizuri. Alimwinua, akamweka begani. Kisha akazungumza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyoitumia kukataa mchicha ulionyauka sokoni.

"Mtoto ana jina."

"Mama, malaika amesema..."

"Anaitwa Mbeyu. Ni jina langu mimi, na nilimpa siku alipozaliwa, pale hospitalini, kwenye benchi. Kama huyo malaika wako hajalisikia, basi hajawahi kufika hapa."

Mama aligeuza kichwa kwenye kochi, akamtazama mama mkwe wake kwa muda mrefu. Kama mimi niliyekuwa kwenye lile benchi, naye ndiyo kwanza anasikia kwamba mtoto amepewa jina hilo.

Mtume alifungua mdomo. Shingo ilianza kulala begani, ikasita, ikarudi. Wazee wake walikuwa tayari barazani wanatafuta viatu vyao, na yule mwanamke wa kanisa aliinama akambusu mtoto mguu kabla ya kuwafuata. Mtume alitoka wa mwisho. Nilimwona akienda zake amevaa kiatu kimoja, cha pili amekishika mkononi, anarukaruka kwenye mchanga wa moto kama kuku aliyepona kuchinjwa.

"Dama," nyanya aliniita, "funga mlango. Mbeyu amelala."